Mpiga besi hajisikii

Bendi yetu ikimaliza kupiga watu wanamfuata muimbaji, wengine wanaenda kwa mpiga solo, watoto wanaenda kugusa dramu. Mi nakunja kebo. Silalamiki jamani, nishazoea, na washkaji wenyewe wananisifia kwamba sijisikii, yani sina maringo. Huwa nawajibu ni kweli sijisikii, tena kwa maana zote mbili, maana nimepiga besi miaka tisa kwenye bendi za mchangani hapa Dar na kwa miaka minane kati ya hiyo nilikuwa sisikii ninachopiga.

Wala besi sikuichagua. Nilikuwa mpiga ridhimu wa tatu kwenye bendi yenye nafasi ya mpiga ridhimu mmoja, siku mpiga besi wetu akapata kazi Mwanza akaondoka, wote wakageuka wakaniangalia mimi. Nyuzi nne tu, wakasema, tena ni zilezile nne nene za gitaa ila zimeshushwa oktevu moja, utazoea wiki mbili. Nikaingia Kariakoo na 280,000 nikatoka na besi ya mtumba, kopi ya Fender Precision, ile besi ambayo Leo Fender aliitoa 1951 kule California. Nilisoma baadae kwamba hilo jina lilitokana na vile vyuma vya shingoni, ukibana hapo noti inatoka ilipo, hubahatishi kama kwenye lile besi kubwa la kusimamisha. Mi nimekuja kubahatisha hata na vyuma vikiwepo ila tutafika huko.

Amplifaya sikuwa nayo. Nyumbani kulikuwa na sabufa ya shemeji yangu, alituachia alipohama, nikatafuta jeki ya kuunganisha nikachomeka. Siku ya kwanza raha mpaka vikombe vinacheza kabatini. Siku ya tatu ikaanza kukoroma, ya nne ikanyamaza moja kwa moja. Fundi alivyoifungua akanionyesha ile karatasi ya spika imechanika pembeni, akaniambia kaka, muziki wa kwenye simu umeshabanwa humo ndani haurukiruki, lakini uzi ukiuvuta kwa kidole unatoa teke, na hii sabufa haijatengenezwa kupigwa mateke. Shemeji mpaka leo anajua ilikufa kwa umeme kukatikakatika. Naomba asisome hapa.

Na nyuzi nazo. Seti ya nyuzi nne za besi ni ghali kuliko seti nzima ya sita za gitaa, na joto letu hili na jasho na chumvi ya pwani zinakufa mapema, zinakuwa kama unapiga kamba ya kuanikia nguo. Dawa ya maskini ni kuzichemsha. Kweli kabisa, unazitoa unaziweka kwenye maji yanachemka dakika kumi hivi, uchafu na mafuta ya vidole vinatoka, unazikausha vizuri, unapata mlio mkali wiki moja au mbili. Mara ya kwanza mke wangu aliingia jikoni akafunua sufuria akakaa kimya kidogo, alafu akaniuliza, "Baba, hii nayo tunaila na nini?" Nikajaribu kumweleza kwamba James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, alikuwa habadilishi nyuzi mpaka ikatike na alipiga kwa kidole kimoja tu na bado dunia nzima inamuiga. Akasema basi na wewe fanya hivyo, sufuria yangu iache.

Sasa mazoezi. Tunafanyia kwenye stoo nyuma ya nyumba ya mpiga dramu, jumanne na alhamisi, mwisho saa mbili usiku kwa makubaliano na mjumbe, na mjumbe huyo anakaa nyumba ya pili kwa hiyo usimdanganye. Stoo ni kama mita nne kwa tano, mabati juu, ndani dramu, kinanda, magitaa mawili, waimbaji wawili na mimi. Mi nilikuwa nachomeka kwenye amplifaya ya kinanda, tunachangia, yeye tundu la kwanza mimi la pili. Ule uzi mnene wa E unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule mnene wa gitaa la kawaida, na wimbi lake kwenye hewa lina urefu wa mita nane na ushee, yani haliingii kwenye kile chumba bila kukunjwa. Matokeo yake kuna kona besi inaunguruma mpaka bati linalia na kuna sehemu imekufa kabisa. Mpiga kinanda yuko konani ananipigia kelele punguza, mimi nimesimama katikati nauliza nipunguze nini. Alafu mpiga solo anaongeza kidogo kwa sababu dramu imemzidi, ridhimu anaongeza kwa sababu ya solo, muimbaji anaanza kupayuka, ikifika saa moja na nusu kila mtu anapiga ngoma yake na mimi naangalia tu mguu wa mpiga dramu. Ukishuka nashuka. Hiyo ndio ilikuwa mbinu yangu. Na nyingine ni kuegemeza kidevu kwenye ile pembe ya juu ya besi, mbao inatikisika, mlio unapanda kwenye taya unaingia sikioni kwa ndani. Watu wanadhani nina hisia sana nikipiga.

Tunapiga kopi za zilipendwa, hasa dansi, kwa sababu ndio kwenye harusi zinakolipa. Na ukitaka kujifunza besi kibongobongo huna haja ya kwenda mbali, sikiliza zile rekodi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, za miaka ya sabini na themanini, Msondo kutoka ilipokuwa NUTA Jazz, Mlimani Park walipoanza 1978, na kule Sikinde, ndio haohao Mlimani Park, kwenye besi kulikuwa na Suleiman Mwanyiro waliyemwita Computer. Ukisikiliza vizuri utagundua kitu kimoja, besi ya dansi haitembei muda wote kama mlinzi wa getini. Inasema maneno matatu manne, inanyamaza, tumba inajibu, inarudi tena na mara nyingi hairudi pale unapoitegemea. Wimbo ukifika kwenye kuchemka, ile sehemu ya watu kucheza, magitaa yanazunguka hapohapo na kodi zao (chords) mbili tatu, ukiziba ile nafasi tu umeua, watu wanakaa. Hiki nilikielewa mwaka wa tatu, baada ya kukaa vikao vingi na mpiga tumba mmoja mzee aliyekuwa anakuja deiwaka kwetu, ambaye kila nikijaza noti alikuwa anaacha kupiga ananitazama. Haongei. Ananitazama tu mpaka niache.

Ila kuna tatizo, rekodi hizo nilikuwa nazisikiliza kwenye simu. Na kispika cha simu noti za chini hakitoi kabisa, unasikia kivuli chake tu, tk tk, zingine unajazia mwenyewe kwa akili. Likumbukeni hili.

Shoo zetu nyingi ni sendofu na harusi, na baa moja mbili mwisho wa mwezi. Kwenye harusi mitambo ni ya DJ, bendi mnakaribishwa tu kama wageni wasio na kadi. Besi inaingia kwenye kiboksi cha DI, kile cha kuunganishia gitaa na mitambo bila amplifaya, inaenda moja kwa moja kwenye mikisa, spika za kutusikilizia ziko mbili zote zimewaangalia waimbaji, na mimi nawekwa nyuma karibu na ile nguzo iliyofungwa vitambaa na maua. Ukimuomba fundi mitambo akuongezee besi kwa nyuma anakuonyesha dole gumba na hagusi kitu. Kwa hiyo napiga kwa kidevu, naangalia mguu wa dramu, na naangalia akina mama wanaocheza. Mama wa miaka hamsini kwenda juu ndio mita yangu, hao hawachezi kumfurahisha mtu, kiuno kikikosa njia ujue mpiga besi kapotea.

Kuna sendofu moja kule Sinza, umeme ulikatika katikati ya shoo, jenereta likawashwa, tukaendelea. Nyimbo mbili na nusu nimepiga, kidevu juu ya mbao, nasikia utamu tu, ukumbi umejaa, MC anashangilia. Akatoka mzee mmoja amevaa suti ya kaki na kofia, anakuja mbele taratibu na mkono mfukoni, nikajua huyu anakwenda kumtuza muimbaji kama kawaida. Akampita muimbaji. Akampita mpiga solo, mpaka kwenye nguzo yangu, akaniinamia sikioni.

"Kijana, besi haipo."

Nikamwambia shikamoo mzee, ninapiga hapa. Akasema marahaba, naona mkono unakwenda, lakini haipo, tangu umeme uliporudi haipo. Nikaangalia chini, kile kiboksi kimezimika taa. Katika ile purukushani ya jenereta mtu kachomoa kebo. Ukumbi mzima watu mia tatu, DJ, fundi mitambo, bendi yenyewe, hakuna aliyejua, na mimi mpigaji sikujua. Nikachomeka, ikaingia katikati ya wimbo, nikawaona wale akina mama wanainua vichwa kama mtu kaitwa jina. Mzee akasikiliza kidogo, akatoa 5,000 akanibandika usoni, akarudi kukaa. Sijawahi kutuzwa kabla na sijatuzwa tena baada ya hapo, hiyo noti ilikaa kwenye begi la besi muda mrefu mpaka siku nikakosa nauli.

Nilivyotoka pale nikasema hapana, lazima ninunue amplifaya yangu mwenyewe, niwe naiweka nyuma ya mgongo popote tunapopiga. Ikachukua karibu mwaka, kidogokidogo kwenye hela za shoo, ambazo na zenyewe mnajua, kamati inalipa nusu kabla na nusu nyingine "tutawasiliana". Mwisho nikapata ya mtumba, spika moja ya inchi 15, wati 200, gamba limechubuka lakini mzima. Kilo thelathini na kitu. Dereva wa bajaji aliitazama akasema hiyo ni abiria, utalipia viti viwili, na nikalipa.

Alhamisi nikaifikisha stoo. Nikaipandisha juu ya kreti za soda mpaka karibu na usawa wa sikio, ushauri mmoja wa bure nawapa, ukiiweka chini sauti inakupita magotini kwenda kwa wenzio. Tukaanza na kopi moja ambayo tunaipiga tangu mwaka wa kwanza, iko kwenye D, ina sehemu besi inashuka kutoka G kuja D pale kabla ya kiitikio. Nikashuka. Nikasikia kitu kama mtu kakanyaga paka. Nikafikiri kinanda. Tukarudia, nikashuka tena, paka yuleyule. Nikasimamisha bendi nikapiga peke yangu taratibu: G, F, E, D. F ya kawaida, badala ya F shapu, ile ya juu yake kidogo ambayo wimbo wa D ndio unaitaka. Miaka minane. Harusi zote zile. Ndio zile noti nilizojijazia mwenyewe kwenye simu.

Nikawauliza wenzangu, kwa upole tu, hii noti nyie mlikuwa mnaisikia? Mpiga dramu akainamia kanyagio lake. Mpiga solo akaweka gitaa begani vizuri akasema, "Tulikuwa tunaisikia kaka. Mwanzoni ilitusumbua, baadae tukajua ndio staili yako."