Mistari Mitatu Iliyopinduka

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na kazi yangu ilikuwa kueleza kwa hesabu jinsi maji yanavyosambaa katika sehemu ya kijivu ya ubongo kwa kutumia vipimo vya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Maji huru yenye joto la mwili husambaa kwa takriban mikromita za mraba 3 kwa milisekunde. Katika sehemu ya kijivu kiasi hicho hushuka hadi karibu 0.8, kwa sababu molekuli hukumbana na tando za seli kila zinakoelekea. Modeli yangu iliyagawa maji hayo katika mafungu: yaliyomo ndani ya matawi membamba ya nyuroni, yaliyomo katika viwiliwili vya seli, na yaliyo nje, huku ikidai kwamba hakuna tone linalovuka.

Kwa dhana hiyo, ukirefusha muda wa msambao, yaani muda ambao maji huachwa yasambae kabla ya kupimwa, bila kugusa thamani ya b (kiasi ambacho kipimo huhisi msambao), ishara inayopokewa na mashine hupanda, maana maji yaliyofungiwa hayana pa kwenda hata yakipewa muda zaidi. Usiku ule, kati ya mistari mitatu ya ishara iliyokuwa kwenye skrini, mmoja kwa kila muda wa msambao, ule wa muda mrefu kabisa, niliouchora kwa rangi nyekundu, ulitakiwa kukaa juu ya wenzake. Ulikuwa chini yao. Niliamini kwamba nimechanganya majina ya mafaili, nikayabadilishana ndani ya programu, grafu ikapendeza, nikaenda kulala. (Kama grafu ingenipendeza tangu mwanzo, sidhani kwamba ningeyashuku majina hayo.)

Asubuhi msimamizi wangu aliitazama grafu, kisha akasema tu, “Hebu fungua faili lenyewe.” Tulisoma pamoja muda ambao mashine ilikuwa imeuandika: majina yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Matawi mengi ya sehemu ya kijivu hayana ala ya mielini, yaani gamba la mafuta linalozunguka baadhi ya matawi ya nyuroni, na tando zake hupitisha maji, kwa hiyo katika muda wa kipimo chetu, uliofika makumi ya milisekunde, sehemu ya maji ilikuwa imekwisha kutoka ndani kwenda nje, na ishara ikashuka.

Niliona haya kuliko nilivyofurahi. Nilirudisha majina mahali pake, nikafuta michoro miwili kwenye rasimu ya sura ya tatu, nikaongeza katika mlinganyo parameta niliyoikwepa mwaka mzima: muda wa maji kuvuka utando.