Nilivyoachana na kipimo cha jeni za mayai

Hela ya kikoba ilikuwa tayari kwenye simu, milioni moja na laki mbili, nimebakiza kuweka namba ya siri tu. Mtu niliyekuwa nachati naye alinihakikishia kuna kipimo cha damu kinachosoma jeni na kuonyesha kama mayai ya mwanamke ni mazima, na kwamba mwenye PCOS kama mimi, lile tatizo la homoni linalovuruga hedhi na ovari, lazima aanzie hapo. Miaka mitatu ya ndoa, hedhi inakuja baada ya miezi miwili, mara nyingine minne, na vindevu kidevuni ninavyoving'oa kila Jumamosi kabla wifi hajaja. Ningelipa.

Umeme ukakatika Nkuhungu nzima, mtandao ukayumba, muamala ukagoma. Kulipokucha nikaona bora nimuulize kwanza daktari wa wanawake aliyenipiga ultrasaundi, yule aliyenionyesha ovari zangu zilivyojaa vifuko vidogo vya mayai pembeni kama shanga, hakuna hata kimoja kinachokua.

Hakunicheka, namshukuru. Akaniuliza, "Dada, ubuyu unaujua?" Mtu wa Dodoma nisiujue ubuyu! Akasema yai la mwanamke limevikwa chembe ndogo ndogo kama mbegu ya ubuyu ilivyovikwa unga wake. Chembe hizo hulilisha yai na kuzungumza nalo, na watafiti hupima ndani yake jeni kama HAS2, PTGS2 na GREM1 zinavyofanya kazi, ili wabashiri yai lilivyo bila kuliumiza. HAS2, kwa mfano, ndiyo inayosaidia kutengeneza ute unaolitanua lile vazi yai linapopevuka. (Nikawaza mlenda, sikumwambia.)

"Sasa hizo chembe watazipata kwenye damu ya mkononi?"

Nikanyamaza. Kumbe kipimo hicho ni cha wanaotafuta mtoto kwa njia ya maabara. Yai linavutwa kwa sindano kutoka kwenye ovari, linavuliwa zile chembe, na chembe ndizo zinazopimwa. Na hata huko bado ni utafiti, majibu ya maabara moja hayakubaliani na ya nyingine. Nikatoa karatasi yangu ya AMH, homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai, iliyokuwa juu, nikidhani labda hiyo ndiyo habari mbaya. Akasema hiyo inaashiria wingi wa vifuko, haipimi ubora wa yai.

Neno lililonibadilisha ni hili: "Wewe hatujafika kwenye yai bovu. Yai lako halipevuki."

Basi hela ikaenda kwenye kulipevusha. Mume wangu alipimwa mbegu, ziko sawa, ingawa kumshawishi kulichukua mwezi mzima. Metformini, dawa ya kisukari ambayo wenye PCOS pia hupewa, ilinisumbua tumbo wiki mbili za mwanzo, hasa nilipoimeza bila kula. Siku moja nilishuka kwenye daladala njiani nikaomba choo kwa mama muuza zabibu. Jioni nikawa natembea, vumbi na upepo wa Julai usoni, kilo 84 zikashuka hadi 78 kwa miezi mitano. Dokta alisema hata kupungua kwa asilimia tano kunaweza kurudisha upevushaji.

Kisha letrozoli, dawa ya kupevusha yai, siku ya 3 hadi ya 7 ya hedhi. Niliuliza kwa nini si klomifeni aliyotumia shoga yangu. Akanieleza utafiti wa Marekani wa 2014, wanawake 750 wenye PCOS: waliojifungua ni asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Si namba kubwa, nikamwambia. Akakubali si kubwa.

Mzunguko wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili tukaongeza dozi, hakuna kitu. Wa tatu, siku ya 13, kikaonekana kifuko kimoja cha milimita 19. Mume wangu akakipiga picha kwenye kioo kama mtu aliyeona twiga. Wiki moja baadaye kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, kikasema yai limetoka kweli.

Mimba bado. Hedhi ilikuja siku ya 30, juzi nimeanza dawa za mzunguko wa nne, na laki tatu zilizobaki nimezirudisha kikoba.