Treni Moja, Abiria Watano

Shule zilipofungwa nchini Tanzania tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nyumba yetu ya Tabata, jijini Dar es Salaam, ilikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Watoto wawili, binti wa kidato cha kwanza na mdogo wake wa kiume wa darasa la pili, walishinda nyumbani. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kigoma kututembelea. Na mjomba wangu, mdogo wake Mama, mstaafu wa reli, alikuwa amefika kutibiwa macho. Ludo ilichezwa hadi karatasi yake ikachanika kwenye mikunjo. Ilipochanika, nilikataa kununua nyingine, na nikawaambia watoto kwamba tutatengeneza mchezo wetu wenyewe.

Ludo ninaiheshimu, maana imelea watoto wengi wa nchi hii, lakini ni mchezo wa kungoja sita. Mtu aliyefungiwa kete zake zote anaweza kurusha dadu mara kumi mfululizo asipate sita hata moja, na hilo si ajabu, kwani hesabu inaonyesha kwamba hutokea takribani mara 16 katika kila 100. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa darasa la pili huanza kumtazama dada yake kwa jicho la shari, kisha hupiga ubao teke kwa makusudi na kusema ameteleza. Nilitaka mchezo ambao dadu italeta bahati, lakini kila mrusho utamwachia mchezaji jambo la kuamua, na jambo lenyewe liwe jepesi kiasi kwamba mtoto anayejua kujumlisha tu na bibi asiyependa kusomewa sheria ndefu waweze kukaa ubao mmoja bila mmoja kumwonea huruma mwenzake.

Mada haikunisumbua. Mama amesafiri kwa Reli ya Kati tangu usichana wake, akishuka Dar es Salaam na mawese na dagaa na kurudi Kigoma na vitenge, na hadithi zake zote huanzia ndani ya behewa la daraja la tatu. Reli hiyo ilianza kujengwa na Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na urefu wake unazidi kilomita 1,200. Tulipata boksi la friji kwa jirani, tukalikata upande mmoja, na binti akachora reli inayopindapinda kutoka kona hadi kona. Badala ya vyumba kama vya ludo, alichora mataruma, yaani zile nguzo zinazolazwa chini ya reli, na kila taruma lilikuwa hatua moja. Tulianza na mataruma 100, na kila mchezaji akawa na kizibo chake cha soda kilichopakwa rangi.

Dadu ya ludo ilikuwa moja, nasi tulihitaji mbili. Binti alichonga ya pili kutoka kwenye kipande cha sabuni ya mche, akatoboa vidoto kwa ncha ya bikari, na kwa kuwa alikwisha kuona kwamba pande zinazotazamana za dadu hujumlisha saba, alizingatia hilo vizuri kabisa. Sabuni yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ndefu kidogo kuliko upana wake, na moja na sita zilikuwa kwenye ncha. Dadu ililala kwenye ubavu karibu kila ilipotupwa, ikitoa mbili, tatu, nne na tano, huku moja na sita zikionekana kwa nadra. Mdogo wake aligundua kabla yetu sote, na kwa siku mbili tatu hakumwambia mtu. Alikuwa akiomba tu kwa upole arushiwe "ile ya sabuni" kila alipohitaji namba za katikati. Nikanunua dadu ya kweli katika duka la vifaa vya shule, na ile ya sabuni ikaenda kufulia soksi.

Mchezo wa kwanza ulikuwa mbio tupu, yaani unarusha dadu mbili, unajumlisha, unasogeza kizibo, na wa kwanza kufika Kigoma ameshinda. Ulichezeka, lakini haukuwa na ladha. Michanganyiko ya dadu mbili ni 36, na jumla ya saba hupatikana kwa njia sita, ilhali mbili na kumi na mbili hupatikana kwa njia moja moja tu, kwa hiyo vizibo vyote vilisogea kwa mwendo unaokaribiana na mshindi akawa yule ambaye dadu zimempenda. Mwenzangu, ambaye hapendi kunivunja moyo, alisema ni mchezo mzuri kwa kuchezea huku mtu akikunja nguo.

Mjomba hakucheza. Alikuwa amesema mapema, kwa sauti ya kawaida isiyo na lawama, kwamba yeye dadu haishiki, hata kama hakuna pesa iliyowekwa, kwa sababu Mtume amekataza nardi, mchezo wa kale wa dadu, na yeye hapendi kujitafutia tafsiri za kumrahisishia. Tulimwelewa, na hakuna aliyemsukuma. Lakini alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na macho yake yaliyokuwa yakitiwa dawa hayakumzuia kufuatilia. Mjomba alianza kazi enzi za Reli ya Afrika Mashariki, akaendelea na Shirika la Reli Tanzania lilipoundwa mwaka 1977, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliishi Tabora. Jioni moja aliomba ubao usogezwe karibu naye, akaupapasa kwa kidole kuanzia Dar es Salaam: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa. Alitusahihisha mahali tulipoiweka Gulwe kabla ya Kidete. Kisha akaviangalia vizibo vitano vilivyotawanyika juu ya reli, akauliza:

"Hivi ni nini?"

"Ni treni zetu, Babu," mtoto akajibu. "Hii yangu ndiyo inaongoza."

"Treni tano? Njia ni moja, mjukuu wangu. Treni ya nyuma haiipiti ya mbele porini. Itaipitia wapi? Mpaka stesheni, moja iingie njia ya kupishania, isubiri. Na ninyi ni abiria, si madereva. Abiria wote wamo humo humo."

Mama, aliyekuwa akichambua mchicha, alidakia bila kuinua kichwa: "Na abiria hakimbizani na mwenzake. Abiria anatafuta kuku wa Saranda."

Usiku ule sikulala mapema. Kama treni ni moja, basi hakuna mbio, na kama hakuna mbio, kinachoshindaniwa ni biashara ya dirishani, ile ambayo kila aliyepanda treni hiyo anaifahamu, watu wakikimbia kandokando ya mabehewa na beseni kichwani. Niliviondoa vizibo vyote nikabakiza kimoja, kikawa treni. Mchezaji akirusha dadu mbili, anachagua moja iwe ya mwendo na nyingine iwe ya soko. Akipata sita na moja, anaweza kuisogeza treni mataruma sita na kununua kitu kimoja, au kuisogeza taruma moja na kununua vitu sita. Reli tuliigawa kwa rangi, na kila kipande kikawa na bidhaa yake: Morogoro ndizi, Dodoma zabibu, Saranda kuku, Tabora asali, Uvinza chumvi. Dadu zikilingana, treni haiendi popote, kwa kuwa inapisha treni inayotoka upande wa pili, na aliyerusha ananunua kwa dadu zote mbili.

Badiliko hilo dogo liliugeuza mchezo wote. Treni ilikuwa ya wote, kwa hiyo kila uamuzi ulimgusa mwenzako. Aliyekwisha kujaza kikapu cha kuku alitaka tuondoke Saranda upesi kabla wengine hawajanunua. Aliyekuja na kikapu kitupu alivuta treni kwa moja na mbili, akijifanya hana haraka. Watoto walianza kusomana nyuso. Sikutegemea kwamba mtoto wa darasa la pili angekuwa mchezaji mgumu kuliko wote, lakini hesabu aliyohitaji haikuzidi sita, na moyo wa kumkatili bibi yake alikuwa nao tele.

Urefu wa reli ulihitaji kuhesabiwa upya, na hapo ndipo nilipokaa na karatasi na kuandika michanganyiko yote 36. Ukiacha mirusho sita ya dadu zilizolingana, ambayo haiisogezi treni, dadu kubwa katika mirusho 30 iliyobaki zina jumla ya 140, na zile ndogo zina jumla ya 70. Maana yake, wachezaji wote wakiamua kukimbiza treni, itaenda kwa kasi mara mbili kuliko wakiamua wote kuivuta nyuma. Reli yenye mataruma 70 ingemalizwa kwa mirusho 18 hivi kwa wenye haraka na 36 kwa wenye kuchelewesha, yaani kwa watu watano, baina ya mizunguko minne isiyotimia na saba na kitu. Mataruma 100 yangetufikisha kwenye mizunguko kumi, na mtoto angelala Itigi. Tulifuta 30.

Mama aliikataa njia ya kwanza ya kupata mshindi. Nilikuwa nimepanga kila bidhaa iwe na bei yake ya kudumu Kigoma, ghali zaidi ikiwa asali. Alicheza mchezo mmoja akimwangalia kila mtu akiingoja Tabora, kisha akasema, "Mwanangu, siku ambayo behewa zima limebeba asali, asali hiyo utaila mwenyewe." Amekaa sokoni miaka mingi, na bei anaijua kwa mwili wake. Tukaandika kwamba treni ikifika, kila bidhaa inahesabiwa kwa pamoja, na ile iliyoletwa kwa uchache kuliko zote inauzwa shilingi tano kila moja, inayofuata nne, na kuendelea hadi iliyojaa zaidi, inayouzwa shilingi moja. Chumvi ya Uvinza, ambayo mwanzoni hakuna aliyeihangaikia kwa kuwa iko karibu na mwisho wa safari, ikawa silaha. Mtu aliweza kuinunua kwa fujo dakika za mwisho, si kwa kuitaka, bali kwa kuishusha bei ya chumvi ya jirani yake.

Mtoto alitaka mafuriko. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata Mto Mkondoa, na kila Mtanzania anayesikiliza taarifa za habari wakati wa masika amewahi kusikia kwamba reli imesombwa huko. Pendekezo lake lilikuwa kwamba mtu akirusha moja na moja, treni irudi Kilosa. Nililipenda, lakini moja na moja hutokea mara moja katika 36, na treni hupita kipande hicho kwa mirusho michache tu, hivyo mafuriko hayo tungeyasikia kwa kusimuliwa. Tulikubaliana kwamba dadu zozote zikilingana ndani ya kipande hicho ni mafuriko, jambo ambalo hutokea mara moja katika mirusho sita kwa wastani. Treni inarudi Kilosa na kila mwenye ndizi anapoteza nusu. Kelele zilizopigwa siku yalipotokea kwa mara ya kwanza, Mama akiwa na ndizi nane, zilimleta jirani getini kuuliza kuna nini.

Mjomba alibaki na msimamo wake hadi alipoondoka, lakini alikubali kuwa mkuu wa stesheni. Alitunza boksi la bidhaa, yaani maharage ya rangi mbalimbali, mahindi na vifungo vya shati, akawagawia wanunuzi, na akatangaza kila stesheni treni ilipoingia kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa ile ile aliyoitumia kazini. Ubishi ulipozuka yeye ndiye alikuwa neno la mwisho. Dadu hakuigusa hata ilipoviringika ikasimama kwenye kandambili zake. Aliinua mguu, akangoja mtoto aje aiokote.

Shule zilifunguliwa mwishoni mwa Juni, na Mama alirudi Kigoma akiwa na ubao wa pili uliokunjwa ndani ya kanga. Dada yangu anayeishi Mwanza alipouona huko Kigoma likizo iliyofuata, alilalamika kwamba reli yake haimo, na hakika njia ya kutoka Tabora hadi Mwanza imekuwapo tangu mwaka 1928. Tumeichora. Sasa treni ikifika Tabora, wachezaji wanatakiwa kupiga kura iende Kigoma au Mwanza, na kwa kuwa wachezaji wanne huweza kugawanyika wawili kwa wawili, binti anataka aliyerusha dadu mwisho ndiye aamue, ilhali mdogo wake anashikilia kwamba behewa likatwe na treni ziwe mbili. Mjomba, tulipompigia simu, alisema mdogo ana haki, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakifanya Tabora, mabehewa ya Mwanza yakitengwa na ya Kigoma. Lakini sheria ya kuendesha treni mbili kwa dadu mbili bado hatujaipata.