London kwa kadi moja, na pale nauli inapovuja

Ndege za Kenya Airways kutoka Nairobi hutua Heathrow, Terminal 4. Ukishavuka uhamiaji na kubeba masanduku, usijipange kwenye foleni ya tiketi. Kama kadi yako ya benki ina alama ya vimistari vinne vilivyopinda, ya Visa au Mastercard, hiyo ndiyo tiketi. Unaigonga kwenye duara la njano pale getini, taa ya kijani inawaka, geti linafunguka. Ukifika uendako unaigonga tena kutoka. Kompyuta inajua ulikoingia na ulikotokea, inakata nauli.

Mwanzoni kadi inaweza kukatwa senti 10 tu. Usishtuke, hapo wanaijaribu kama ipo hai. Safari zote za siku hujumlishwa usiku na kutozwa kwa mkupuo mmoja, jambo linalomfaa mwenye kadi ya nje, kwa kuwa makato ya benki ya kubadili fedha yanakuja mara moja badala ya kila ukigonga. Ila kabla hujaondoka nyumbani hakikisha benki imeifungulia kadi malipo ya nje ya nchi. Kadi iliyofungwa itakataliwa getini, na nyuma yako watu wameshaanza kuguna.

Sasa tuje kwenye uvujaji. Kadi ya plastiki na simu iliyobeba kadi hiyohiyo ni abiria wawili machoni pa mashine. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa plastiki, mfumo unaona safari mbili ambazo hazijakamilika: moja haina mwisho, nyingine haina mwanzo. Kila moja inakatwa nauli ya juu kabisa. Vivyo hivyo ukiweka pochi nzima juu ya duara ikiwa na kadi mbili, mashine inachagua yoyote iliyoiwahi, na jioni inaweza kuchagua ile nyingine. Toa kadi pochini. Chagua moja, itumie hiyohiyo wiki nzima.

Mume na mke hawawezi kuchangia kadi moja. Kila mtu na yake. Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni za chini wakiwa na mtu mzima, hadi wanne kwa kila mkubwa mmoja. Wa miaka 11 hadi 15 wanunulie kadi ya Oyster, ile ya usafiri wa London inayojazwa pesa, kisha mwombe mfanyakazi wa kituo aiwekee punguzo la mgeni kijana. Inawapa nusu nauli kwa siku 14. Ukiwapa kadi ya benki watalipa kama wakubwa.

Faida ya kung'ang'ania kadi moja ni kikomo cha siku. Kwa nauli zilizoanza Machi 2025, ukizunguka kanda ya 1 na ya 2 (mji umegawanywa kwa kanda za nauli, na ya 1 ndiyo katikati) hukukatwa zaidi ya pauni 8.90 kwa siku, hata upande treni mara kumi. Safari moja ndani ya kanda ya 1 ilikuwa pauni 2.90 saa za msongamano na 2.80 saa nyingine, kwa hiyo safari ya nne tayari ni karibu bure. Siku ya nauli huanza saa 10:30 alfajiri na kwisha muda kama huo kesho yake, hivyo anayerudi hotelini usiku wa manane bado anakula kikomo cha jana. Kuna na kikomo cha wiki, kilichokuwa pauni 44.70 kwa kanda hizo mbili, lakini kinahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Aliyefika Alhamisi asikitegemee. Nauli hizi hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo angalia za sasa kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji.

Saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Tofauti ya senti 10 katikati ya mji si kitu. Kinachouma ni kubanwa kifuani ndani ya behewa la Central line mwezi wa Julai, bila kiyoyozi.

Kutoka Heathrow una njia tatu na bei zake zinapishana vibaya. Piccadilly line, ya buluu iliyokoza, ilikuwa pauni 5.80 hadi katikati ya mji kwa bei za 2025. Inachukua karibu saa nzima na mabehewa yake ni membamba. Elizabeth line, ya zambarau, iliyofunguliwa Mei 2022, ilikuwa pauni 13.90. Ina kiyoyozi, ni ya haraka zaidi, na vituo vyake vyote vina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani. Mwenye masanduku mawili na mtoto mgongoni alipe hiyo tofauti bila kinyongo. Ya tatu ni Heathrow Express, dakika 15 hadi Paddington, lakini bei yake ni mara kadhaa ya Piccadilly na haihesabiwi kwenye kikomo. Shida ni kwamba kwenye kituo cha Terminal 2 na 3, Express na Elizabeth hutumia majukwaa yaleyale, na kadi inapokelewa kote kuwili. Soma ubao kabla ya kupanda. Mgeni akiona treni safi imefungua milango huingia tu, kisha jioni anashangaa makato.

Kwenye DLR, treni nyepesi za upande wa mashariki, vituo vingi havina mageti kabisa. Kuna nguzo tu yenye duara la njano, na hakuna wa kukuzuia kupita. Hapa ndipo wageni wengi husahau kugonga. Ukisahau kutoka, unakatwa nauli ya juu. Ukisahau kuingia na mkaguzi akakukuta, faini ni pauni 100, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21. Treni hizi hazina chumba cha dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa ni chako ukiwahi. Panda Bank, shuka Cutty Sark kwa ajili ya Greenwich. Mashine za waridi utakazoziona kwenye vituo kama Stratford na Gospel Oak ni za anayebadili treni bila kupita kanda ya 1. Kuigonga hakumalizi safari, kunathibitisha tu kwamba ulizunguka pembeni, na nauli inashuka.

Ramani ile maarufu ya mistari iliyonyooka, ambayo Harry Beck aliichora na ikaanza kutolewa 1933, inaonyesha mpangilio wa vituo, haionyeshi umbali. Leicester Square na Covent Garden zinapakana kwa mita 260 hivi. Ukipanda treni kati yake unalipa nauli kamili ili kushuka chini, kusubiri, kisha kupanda juu tena, na pale Covent Garden lifti ikijaa zinabaki ngazi 193 za kuzunguka. Tembea. Charing Cross na Embankment nazo ni vivyo hivyo, dakika chache kwa mguu.

Majina nayo yana mitego. Edgware ni mwisho wa Northern line huko kaskazini. Edgware Road ni kingine, na tena viko viwili vya jina hilo, kila kimoja na mlango wake barabarani. Northern line yenyewe inagawanyika katikati ya mji: treni moja hupitia Bank, nyingine Charing Cross. Ubao wa jukwaani huonyesha njia baada ya jina la mwisho wa safari. Circle line siyo duara tena tangu Desemba 2009. Huishia Edgware Road, na ukitaka kuendelea kuzunguka unabadili hapo.

Basi ni rahisi kuliko vyote, na kwangu ndiyo namna bora ya kuuona mji. Hakuna konda wa kukuita wala kukusogeza nyuma. Tokeza mkono basi lisimame, ingia mlango wa mbele, gonga kadi mara moja, keti juu kama kuna nafasi. Wakati wa kushuka bonyeza kitufe chekundu, tokea mlango wa kati, wala usigonge tena. Pesa taslimu hazipokelewi tangu Julai 2014, hata ukimwonyesha dereva noti. Nauli ilikuwa pauni 1.75 popote uendapo kwa bei za 2025, na ndani ya saa moja tangu ulipogonga mara ya kwanza mabasi mengine yote ni bure. Namba 15 kutoka Trafalgar Square hadi ngome ya Tower of London hupita kanisa kuu la St Paul's kwa bei hiyohiyo, wakati mabasi ya watalii yanatoza mara nyingi zaidi. Vituo vingi vya basi vina herufi juu ya nguzo. Simu ikikwambia kituo K, usisimame L ukadhani ni kulekule.

Usiku, treni nyingi hukoma kati ya saa 6 na saa 7. Ijumaa na Jumamosi mistari mitano huendelea hadi asubuhi: Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria. Lakini Piccadilly ya usiku haiendi Terminal 4. Na mwenye tiketi ya ndege ya tarehe 25 Desemba apange gari mapema, kwa maana siku hiyo hakuna treni ya chini wala basi la jiji linalotembea.