Utambi mkavu, unyevu wa uongo

Mjini Moshi leo, saa tatu asubuhi. Mazoezi ya vitendo, somo la utangulizi wa hali ya hewa.

Tumefungua kile kibanda cheupe cha vipimajoto. Kikavu kinasoma nyuzi 22.0, chenye utambi (uzi wa pamba unaolowesha balbu) 21.5. Jedwali la unyevu likatoa unyevu wa hewa wa asilimia 96.

Asilimia 96, na nje jua linawaka, vumbi linatimka barabarani!

Kosa lilikuwa kwenye utambi. Ule uzi wa pamba ulikuwa mgumu kama kamba ya kiatu, una ukoko mweupe wa chumvi ya maji ya bomba. Maji hayapandi. Bila maji kuvukiza, balbu haipoi, kwa hiyo vipimajoto viwili vinakaribia kusoma sawa na jedwali linakwambia hewa imeshiba mvuke.

Tukabadilisha utambi, tukatumia maji yasiyo na chumvi, tukasubiri robo saa. Kipimajoto chenye utambi kikashuka hadi 19.0.

Unyevu: asilimia 75. Hapo sawa.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: majedwali mengi yametengenezwa kwa kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya usawa wa bahari, takriban hektopaskali 1000. Moshi tuko kama 915 hivi. Tofauti ya unyevu hapa haifiki hata asilimia moja, ila siku ya ukavu mkali inaongezeka.

Na mkisoma kipimajoto, someni desimali kwanza, haraka, kabla pumzi yenu haijapasha kioo.

Wa Arusha, nyie utambi mnabadilisha kila baada ya muda gani?