Kompaila ilikuwa inauawa, mimi nalaumu msimbo

Programu niliyokuwa naijenga ni ya C++, faili mia kadhaa za kupitisha kwenye kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Amri niliyoizoea ni make -j16, yaani jenga kwa kazi 16 kwa mpigo, kwa sababu prosesa yangu ina nyuzi 16 na subira sina. Ikafika zaidi ya nusu, ikakata: g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus. Nikarudia. Ikakata tena, safari hii kwenye faili jingine kabisa.

Hapo ningeshtuka mapema ningejiokolea jioni nzima. Kosa la msimbo halihamihami. Nukta-mkato iliyosahaulika mstari wa 40 utaikuta palepale hata ukijenga mara mia. Mimi nikafuta folda ya build, nikasakinisha upya GCC, kifurushi chenye kompaila yenyewe, nikashusha toleo la maktaba moja niliyoisingizia bure.

Kesho yake ndipo nikaandika sudo dmesg -T, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Mwishoni kabisa: Out of memory: Killed process, namba, kisha cc1plus. Kumbe! cc1plus ndiyo kompaila yenyewe; g++ ni nyapara tu anayeiita kazini. RAM ikiisha, kerneli huchagua mchakato wa kuua ili mashine iendelee kupumua, na mara nyingi humwangukia aliyebugia kumbukumbu kuliko wenzake. Hutumia ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuizuia, ndiyo maana kompaila ilikufa bila hata kuaga. Wanaojenga ndani ya kontena (kama Docker) huiona kama namba ya kutokea (exit code) 137, yaani 128 jumlisha 9.

Nikafungua terminali ya pili, nikaweka watch -n1 free -h inayoonyesha hali ya RAM kila sekunde, nikaanza kujenga huku nimekodoa macho. Safu ya available ilikuwa kwenye giga 5 na ushee. Haikupita dakika, imebaki mega 200. Kompaila 16 kwa mpigo, kila moja na templeti zake, ndani ya RAM ya giga 8. Hesabu ya darasa la pili, na nilikuwa nimeikosa.

Kwa make -j4 faili zote zikapita. Kisha ld, inayounganisha vipande mwishoni, nayo ikauawa. Hiyo ni kazi moja, kupunguza -j hakuigusi. Nikatengeneza faili la swapu la giga 8, nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa: fallocate, chmod 600, mkswap, swapon. Ikajikokota, lakini ikamaliza.

Wiki mbili baadaye likaja jingine: internal compiler error: Segmentation fault, yaani kompaila yenyewe imeanguka kwa kugusa kumbukumbu isivyofaa. Nikakimbilia dmesg nikijiona mjanja. Hakuna aliyeuawa kwa uhaba, na RAM ilikuwa tele. Ila kosa lilikuwa linaruka faili hadi faili, hata kwa -j1. GCC ina hitilafu zake, sikatai, lakini hitilafu yake hurudi kwenye faili lilelile. Nikawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaenda kulala. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu ya makosa.

Nilipima vipande viwili vya RAM kimoja kimoja, kibovu nikakitoa. Faili zote za .o, yaani vipande vilivyokwisha kutoka kwenye kompaila, nikazifuta pia. Zilizotengenezwa juu ya kumbukumbu mbovu sikuziamini, hata zile zilizopita bila kelele. Sasa nimebaki na giga 4 na make -j2. Inachukua karibu saa nzima, na haijakata tena.