Siku moja maishani mwangu: mchora ramani na vibali vya ujenzi Dodoma

Saa 12 asubuhi. Niko Iyumbu jua likiwa bado la upole. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kuwafuatilia wateja vibali. Fundi ananisubiri tupime umbali wa msingi kutoka mpaka wa jirani, pamoja na mahali pa shimo la maji taka. Tunamaliza mapema.

Saa 2. Ofisini, karibu na Jamatini. Anaingia muuguzi aliyehamishiwa huku, ana kiwanja Nala. "Kaka, mkopo wangu umetoka. Nataka vyumba vitatu na fremu ya duka mbele."

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Huyu dada hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji, lakini maombi yake yakishaingia kwenye TAUSI, mfumo wa kuombea vibali mtandaoni, tayari kuna maandishi kwamba fedha iko njiani: tripu za mchanga na kokoto, nondo, bati, ujira wa fundi na saidia fundi, halafu milango, nyaya, rangi, makochi. Hakuna anayelipia ramani na ada ya kibali kwa kujifurahisha. Takwimu nyingi za uchumi hueleza yaliyokwishapita. Kibali kinaeleza yanayokuja.

Saa 5. Mteja wa Nkuhungu. Boma lake limefika kwenye lenta, wakaguzi wamepita wakachora X nyekundu ukutani, sasa anataka kibali upesi. Kitahesabiwa mwezi huu, ingawa tofali zake zilinunuliwa zamani. Ukaguzi ukikazwa, vibali huongezeka bila uchumi kusogea hata hatua moja. Ndiyo maana nataka vibali vya namna hii viwekwe kwenye safu yake katika takwimu.

Saa 7 mchana. Wali maharage, kisha duka la vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, watu wanachora nini siku hizi?"

Si umbea. Anaagiza bati kwa mtaji wake mwenyewe. Akikisia vibaya, mzigo unamlalia stoo. Namwambia bila kutaja jina la mtu: vyumba vya kupangisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), upande wa Ng'ong'ona. Anaandika kwenye daftari. Mzee huyu anahitaji takwimu kama anavyozihitaji mchumi wa benki, naye hana pa kuzipata isipokuwa kwangu.

Saa 10. Nafungua jedwali langu la vibali. Wamarekani hutoa hesabu ya vibali vya nyumba kila mwezi, na wanahesabu nyumba, si karatasi: kibali kimoja cha jengo la familia nane ni nyumba nane. Mwaka 2005 waliidhinisha nyumba zaidi ya milioni 2. Mwaka 2009 hazikufika 600,000. Idadi ilianza kushuka mwaka 2006, na mdororo wenyewe wa uchumi ukaanza baadaye, Desemba 2007. Majirani zetu Kenya nao huchapisha thamani ya ramani zilizoidhinishwa Nairobi.

Kwetu usomaji lazima uwe tofauti. Kule wengi hujenga kwa mkopo wa nyumba, na kazi huanza miezi michache baada ya kibali. Hapa wengi wetu tunajenga kwa mshahara, mavuno na kikoba: mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, kupaua Mungu akijalia. Kwa hiyo kibali cha Dodoma kinapima imani ya mtu katika miaka yake ijayo. Mwendo wa mwezi huu utauona kwenye mauzo ya saruji. Vyote viwili vinahitajika, hasa katika jiji lililotoka watu 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Shule, mabomba ya maji na nguzo za umeme vingeweza kupangwa kwa kutazama vibali, kabla watu hawajahamia.

Saa 3 usiku. Watoto wamelala, namalizia barua kwa diwani wetu. Naomba mambo matatu: idadi ya nyumba zilizoidhinishwa itolewe kila mwezi kwa kila kata; za kupangisha zitenganishwe na za kuishi mwenyewe; na maboma yaliyokwishasimama yasichanganywe na ujenzi mpya. Kesho saa 4 nitampelekea. Mzee wa bati amesema tutakwenda wote.